Kila Mtu Alidhani Mwenzake Anayo

Ofisini walimwita Bi Tulia, na jina hilo alikuwa amelitolea jasho. Mteja akipiga simu anafoka kwamba tovuti yake haifunguki, yeye alianza na maneno yaleyale: "Tulia kwanza, ndugu yangu, tuangalie pamoja." Na watu walitulia. Alikuwa na sauti nzito kidogo, isiyo na haraka, kama ya mtu anayeongea huku anakunja nguo.

Kampuni yao ilipangishia watu nafasi ya tovuti. Ukitaka duka lako au shule yako ionekane mtandaoni, kurasa zake lazima zikae kwenye kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana. Kompyuta hizo ndizo seva, na kampuni ilikuwa nazo tisa katika chumba chenye baridi kali mwisho wa korido, ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi. Wafanyakazi walikuwa kumi na mmoja. Harufu ya mpira mpya ilipanda ngazi kila asubuhi ikaingia mpaka kwenye vikombe vya chai.

Bi Tulia hakusomea mambo ya kompyuta tangu mwanzo. Miaka kumi na miwili alikuwa karani wa kumbukumbu kwenye kliniki ya akina mama, akiandika kadi kwa mkono: moja ya mama, moja ya kabati. Kliniki ilipoingiza kompyuta kazi yake ikafutwa, naye akajikaza kisabuni, akaenda kusoma kozi ya miezi sita akiwa na miaka arobaini na moja, darasani peke yake mwenye miwani ya kusomea. Sasa alikuwa na arobaini na saba, na hapo kwenye simu alijua sauti za wateja kuliko sura za majirani zake.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, chai haijapoa. Fundi wa seva alitokea korido. Huyu walimwita Waya, ingawa alikuwa mnene wa kujaza mlango. Kwa kawaida alipita akipiga mluzi. Leo hakupiga.

"Seva ya nne imekufa," alimwambia.

"Imezima au imekufa?"

"Imekufa. Diski moja kati ya zake mbili ilikuwa mbovu tangu wiki iliyopita, nikawa nasubiri mpya ije. Sasa na ya pili imeifuata."

"Si tuna nakala? Ile mashine ya pembeni inachukua nakala kila Jumapili."

Waya alivuta kiti akakaa, na kiti kikalalamika. Akamweleza polepole, kama mtu anayeungama. Mashine ya nakala ilikuwepo. Majina ya mafaili yalikuwepo, tarehe zilikuwepo, Jumapili hadi Jumapili. Lakini alipoyafungua, ndani hewa tupu. Tangu seva ya nne ilipohamishiwa diski mpya, miaka miwili nyuma, mashine ilikuwa ikienda kunakili mahali ambapo hapakuwa na kitu tena. Nakala za kabla ya hapo zilikuwa zimeshafutwa kupisha mpya. Ilijua, tena ilituma onyo kila wiki, ila onyo lilikwenda kwenye barua pepe ya mfanyakazi aliyeacha kazi zamani.

"Na hakuna aliyejaribu kufungua hata faili moja?"

"Mimi nilidhani msimamizi wangu anaangalia. Msimamizi alidhani mimi naangalia." Waya aliangalia mikono yake. "Nina miaka tisa hapa, mama. Najisikia vibaya."

Saa tano Mkurugenzi aliwaita wote. Hakuwa mtu mbaya. Alianza kampuni hiyo kwenye chumba kimoja na seva moja ya mitumba, na siku za joto kali alikuwa akija mwenyewe kuipepea kwa jalada la faili. Lakini siku hiyo alikuwa ameshika mkataba.

"Kwenye seva ya nne kuna tovuti sitini na mbili," alisema. "Wapigieni wote. Waambieni kuna hitilafu, tunasikitika, na muwasomee kifungu cha kumi na nne. Jukumu la kutunza nakala ni la mteja. Wamesaini wenyewe. Sisi nakala zetu zilikuwa hisani tu."

Bi Tulia akachukua orodha, kalamu na glasi ya maji.

Wateja wa kwanza hawakumpa shida. Mwenye duka la vioo alikuwa na ukurasa mmoja tu wenye namba ya simu. Shule moja ya udereva ilikuwa na nakala yake, tena mpya ya wiki hiyo. Mwanakwaya mmoja alicheka akasema hata hakukumbuka kama kwaya yao ina tovuti. Mwenye nyumba ya wageni ndiye aliyemtukana, akamtukania na waliomzaa, akakata simu. Bi Tulia akanywa maji, akaweka alama ya vema, akaendelea. Kifungu cha kumi na nne alikisoma mara thelathini na saba. Kufikia mara ya ishirini hakuwa akikisikia tena.

Jina la thelathini na nane lilimsimamisha. Lilikuwa la mwalimu wa kushona.

Alimfahamu vizuri. Mama wa miaka sitini na kitu, mstaafu wa chuo cha ufundi, ambaye kila alipopiga simu alianza kwa kuuliza habari za nyumbani moja baada ya nyingine mpaka kwa jirani, ndipo aseme shida yake. Kwenye tovuti yake alikuwa akiweka masomo ya bure ya kukata na kushona: kupima bega, kuingiza mkono wa nguo usivute, kola isisimame kama sikio la mbuzi. Masomo mia tatu na zaidi, kila moja na michoro na picha. Mafundi wa mbali, watu ambao hawajawahi kumtia machoni, walimwandikia wakimwita mama.

Na Bi Tulia alikumbuka kitu kingine. Miaka minne nyuma, mwalimu alipiga kuuliza: "Mwanangu, hivi vitu vyangu siku moja haviwezi kupotea?" Naye akajibu kwa ile sauti yake ya kukunja nguo: "Usiwe na wasiwasi, mwalimu. Viko salama kwetu."

Ilikuwa sentensi ya kazini. Alikuwa akiwaambia wote.

Akapiga.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Wa nyumbani hawajambo? Mzee na brashi zake?"

"Hawajambo, mwalimu. Mwalimu, leo sina habari nzuri."

Akamweleza. Upande wa pili cherehani ilikuwa ikienda, tarararara, kisha ikasimama.

"Yote?" mwalimu aliuliza.

"Yote yaliyokuwa kwetu. Wewe una nakala yako mahali?"

"Nakala ya nini?"

"Ya tovuti."

"Mwanangu, si ndiyo ninyi nakala yangu?"

Karatasi ya kifungu cha kumi na nne ilikuwa mbele yake. Bi Tulia aliitazama, akaigeuza kifudifudi.

"Nitakuja kwako kesho, mwalimu," alisema. "Nisubiri."

Jioni alimsimulia mumewe, ambaye alikuwa fundi wa kupaka rangi na muda huo alikuwa akisugua kucha kwa mafuta ya taa nyuma ya nyumba. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hayo nayajua," alisema. "Ukuta ukibanduka, mwenye nyumba analaumu rangi, muuza rangi analaumu ukuta, na mimi nimesimama katikati na brashi mkononi."

"Na wewe unajilaumu?"

"Inategemea. Kama niliona unyevunyevu nikapaka juu yake nikanyamaza, basi ni mimi. Hata kama mkataba unasema nini."

Usingizi wa Bi Tulia siku hiyo ulikuja kwa mbinde.

Kesho yake alimkuta mwalimu kwenye chumba chake cha kazi, chumba cha mbele chenye meza ndefu ya kukatia, chaki za rangi kwenye kikopo na nguo ambazo hazijamalizika zimening'inia ukutani kwa pini. Alikuwepo pia mpwa wake, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mhasibu, ambaye alikuwa amemtengenezea mama yake mdogo hiyo tovuti alipokuwa chuoni. Alikuwa ameomba ruhusa kazini, tai bado shingoni, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Kabla hatujaenda mbali," alianza, "nataka kujua jambo moja. Hili ni kosa la nani?"

"Acha mgeni akae kwanza," alisema mwalimu.

Bi Tulia akakaa, mkoba magotini. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, na yote yakamtoroka.

"Mkataba unasema nakala ni kazi ya mteja," alisema. "Nilitumwa nikusomee hicho kifungu, sikukusomea. Kwa sababu sisi tulikuwa na mashine ya nakala, na mashine ilikuwa mbovu miaka miwili, na hatukuiangalia. Na mimi mwenyewe ulipiga simu ukaniuliza, nikakwambia viko salama. Sikuwa najua kama viko salama. Nilisema tu."

Mpwa alikuwa amejiandaa kwa vita, na sasa hakukuwa na wa kupigana naye.

"Mimi nilidhani kampuni inatunza," alisema baadaye, kwa sauti ya chini. "Nilipoikabidhi tovuti nikawaza, aah, watu wa mtandao wanajua. Sikuwahi kumfundisha mama mdogo jinsi ya kuchukua nakala. Dakika kumi tu zingetosha."

"Na mimi," alisema mwalimu, "kila mwezi nilikuwa naletewa barua pepe, pakua nakala yako, pakua nakala yako. Nikidhani ni matangazo. Nilikuwa nafuta hata sijafungua." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Nilikuwa nadhani huyu hapa anayo. Yeye anadhani ninyi mnayo. Ninyi mnadhani mimi ninayo. Tumekaa miaka mingi kila mtu amelala usingizi mzuri."

Hakuna aliyecheka naye. Mwalimu akachukua kipande cha kitambaa mezani, akakikunja, akakikunjua.

"Masomo nitaandika tena. Yako kichwani, na kichwa bado kinafanya kazi. Kinachoniuma ni vile vishimo vya vifungo."

Bi Tulia hakuelewa, na mpwa ndiye aliyemweleza, akitazama pembeni. Marehemu mama yake, dada mkubwa wa mwalimu, alikuwa bingwa wa kushona vishimo vya vifungo kwa mkono. Mwaka wa mwisho wa maisha yake, akiwa ameshaanza kuumwa, dada hao wawili walikaa kwenye meza hii wakaandaa somo hilo pamoja. Picha kumi na moja, hatua kwa hatua, na katika zote hakuna sura, ni mikono tu: pete moja, kovu dogo la sindano kwenye kidole gumba, uzi umenyooka. Mwalimu alizipiga kwa simu iliyokuja kuharibika. Alizipandisha kwenye tovuti, akaona zimefika, basi.

"Sura yake tunayo kwenye picha za harusi," alisema mwalimu. "Mikono hatuna."

Bi Tulia aliwahi kuona kliniki akina mama wanakuja wanalia wamepoteza kadi, na kila mara alikwenda kabatini akatoa ile ya pili. Safari hii hakuwa na kabati la kwenda. Alishika mkono wa mwalimu, na nje mtu akapita akiuza ndoo.

Kisha wakaanza kazi, maana kukaa tu kulikuwa kunawamaliza. Mpwa alikuwa na laptop ya zamani ya chuo, iliyokuwa haiwaki bila kuchomekwa. Ndani yake walikuta nakala ya tovuti ya miaka mitano nyuma, masomo mia moja na arobaini. Hilo la vishimo halikuwemo, lilikuja baadaye. Bi Tulia akamwonyesha jinsi ya kutafuta kurasa ambazo mitambo ya kutafutia mtandaoni ilikuwa bado inazikumbuka, na hapo wakapata maandishi mengi bila picha. Mwalimu naye akawaandikia mafundi wote aliokuwa na namba zao: mwenye kipande chochote cha somo langu, kiwe kwenye simu au kwenye karatasi, anirudishie.

Alhamisi asubuhi Bi Tulia aliingia kwa Mkurugenzi bila kuitwa.

"Nasikia hukumaliza orodha," alisema Mkurugenzi.

"Nimemaliza. Lakini kifungu sikukisoma tena. Niliwaambia ukweli."

Mkurugenzi alivua miwani akaiweka mezani. "Unajua unachonifanyia? Ukisema kosa ni letu, wote sitini na mbili watakuja juu. Mkataba ndio unaotulinda."

"Mkataba unatulinda sisi. Wao wanalindwa na nini?"

"Wamesaini."

"Bosi, wewe mwenyewe uliwahi kukisoma hicho kifungu kwa mteja kabla hajasaini? Mimi nimepokea simu miaka sita, sijawahi. Tunawapa karatasi kumi na tisa, wanaruka mpaka mwisho." Alikuwa amesimama, na alishangaa kuona sauti yake haitetemeki. "Kliniki tulikuwa na kadi mbili. Mama akipoteza yake, yetu ipo. Yetu ikiliwa na panya, ya kwake ipo. Tulikuwa tunamwambia usoni: hii utunze wewe, hii tunatunza sisi. Hakuna mama aliyetoka mlangoni hajui ya kwake ni ipi. Hapa tumemwambia mteja aitunze kwa herufi ndogo na kwa barua pepe zinazofanana na matangazo, na mdomoni tunamwambia asiwe na wasiwasi."

Kutoka chini ilisikika pampu ya duka la matairi ikivuta pumzi.

"Na hiyo mashine?" Mkurugenzi aliuliza mwishowe, kama anajiuliza mwenyewe. "Nilijua haijawahi kujaribiwa. Waya aliniambia mara moja, mwaka jana. Nikamwambia tutaangalia."

Hakuomba radhi pale pale, haikuwa tabia yake. Ila mchana aliandika barua kwa wale sitini na mbili, akairarua, akaandika nyingine, akampa Bi Tulia aisome. Ndani yake alikiri kwamba nakala za kampuni zilishindwa kwa uzembe wa kampuni. Kifungu hakikutajwa. Wateja saba waliondoka hata hivyo, yule wa nyumba ya wageni akiwa wa kwanza, na hakuna aliyewalaumu. Mkataba haukubadilika sana, mwanasheria alikataa, lakini juu yake paliongezwa ukurasa mmoja ulioandikwa na Bi Tulia kwa lugha ya kawaida: hiki tutatunza sisi, hiki utatunza wewe, na hivi ndivyo utakavyofanya. Mteja mpya alisomewa kwa simu kabla ya kusaini. Wengine walichoka kusikiliza, wakamwambia dada, fupisha. Hakufupisha.

Waya alipewa kazi ya kufungua nakala moja kila Ijumaa, atakayoichagua yeye, na kuirudisha mpaka tovuti yake isimame, ifunguke kama kawaida. Ijumaa ya kwanza ilisimama bila picha hata moja, akakaa nayo siku tatu. Mluzi ulirudi wiki ya pili.

Upande wa mwalimu, vipande vilikuja polepole. Fundi mmoja alirudisha somo la kola lenye madoa ya mafuta ya cherehani, amelipiga picha likiwa limebandikwa ukutani. Mwingine alinakili kwa mkono masomo tisa kwenye daftari, hata michoro, na michoro yake ilikuwa imepinda. Baada ya miezi miwili walikuwa na masomo mia mbili na kidogo. Za somo la vishimo vya vifungo zilikuja picha mbili kati ya kumi na moja, kutoka kwa mwanamke ambaye alikuwa amezihifadhi kwenye simu yake ili asizisahau. Ya tatu na ya nane. Katika ile ya nane kovu la kidole gumba lilionekana. Mpwa aliiangalia, akatoka nje, akarudi ameosha uso.

Zile tisa hazikupatikana. Mwalimu alipiga nyingine, mikono yake mwenyewe, akaziweka pamoja na zile mbili, na yeyote mwenye macho aliona kwamba uzi wa mikono ya dada yake ulinyooka zaidi.

Siku tovuti iliporudi hewani, mwalimu alikuja ofisini. Alipanda ngazi akipumzika kila kona, amevaa gauni alilolishona mwenyewe, akasema anataka kuona mahali vitu vyake vinapokaa. Waya alimpeleka kwenye chumba cha baridi. Mwalimu akajifunika mtandio, akatazama taa za kijani zikipepesa.

"Na nakala iko wapi?"

"Haipo hapa, mama. Sasa tunaiweka jengo jingine, mitaa miwili kutoka hapa. Hili likiungua, lile lipo."

"Nipelekeni nikaione."

Waya alimtazama Bi Tulia. Bi Tulia alichukua mkoba wake. Wakashuka, wakatembea watatu kwa mwendo wa mwalimu, wakapita kwa muuza magazeti na kwa fundi viatu, na kule mlinzi akamwandikisha mwalimu kwenye daftari la wageni. Kwenye safu ya "unakuja kuonana na nani" mwalimu alisita, kisha akaandika: nakala yangu.

Wakapanda ngazi za huko pia. Ilikuwa mashine ndogo, haizidi sanduku la viatu, kwenye rafu ya chuma. Mwalimu aliinama akaitazama kwa karibu, kama anavyotazama mshono.

"Hii ikiharibika, nani atajua?"

"Itatuma onyo, mama," alisema Waya.

"Kwa nani?"

"Kwangu."

"Na wewe ukiwa likizo?"

Waya alikuna kichwa.

"Kwangu," alisema Bi Tulia. "Linakuja kwake na kwangu. Na mimi nitakupigia wewe siku hiyohiyo."

Mwalimu akanyooka taratibu, mkono kiunoni. Alitoa kwenye pochi diski ndogo ya mfukoni iliyofungwa kwenye kitambaa chenye pindo lililoshonwa vizuri, akawaonyesha, akairudisha.

"Na ya kwangu hii hapa," alisema. "Jana usiku nimeijaza mwenyewe. Mpwa wangu alitaka kunisaidia, nikamwambia akae pembeni." Akamgeukia Bi Tulia. "Haya, mwanangu, nishike mkono tushuke. Hizi ngazi zenu ni nyingi kuliko masomo yangu."